Herufi za Maji

Habari zilimkuta dukani, mkono wa kulia umeshika kile kijiko bapa cha kuhesabia vidonge, na mbele yake mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anasubiri dawa ya homa. Alikuwa amefika kidonge cha kumi na nne. Simu ikatetemeka kwenye droo, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Mtu akikupigia mara mbili mfululizo saa tano asubuhi, siku ya kazi, huyo hana salamu. Akaitoa. Aliyepiga alikuwa fundi baiskeli, jirani wa baba yake, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa ua wa mzee.

"Dada, uko wapi?"

"Kazini. Kuna nini?"

"Umekaa au umesimama?"

"Kaka, sema."

Fundi akavuta pumzi. "Njoo nyumbani kwa mzee. Njoo, lakini usikimbie. Hakuna cha kuwahi tena."

Alirudisha simu kwenye droo. Akavimwaga vidonge kwenye sinia, akaanza kuhesabu upya, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na moja. Akamweleza yule mama: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, baada ya kula. Ndipo akavua koti jeupe. Baadaye watu wa dukani walimsifu kwamba ana moyo wa chuma. Hawakujua. Aliogopa kwamba akiacha kuhesabu ataanza kukumbuka, na la kwanza atakalolikumbuka ni maneno aliyoyatamka miezi minne nyuma, kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya ukuta ule.

Baba yake waliomjua walimwita Mzee Brashi. Kazi yake ilikuwa kuandika. Si barua wala vitabu, aliandika mji. Jina la kinyozi, jina la shule, onyo la umeme hatari, majina ya malori na misemo yake nyuma ya bodi. Alikuwa akipiga mstari wa chaki kwa uzi, anakaza pumzi, halafu herufi inatoka moja kwa moja kama iliyokuwa imejificha ukutani ikisubiri kuitwa. Kulikuwa na ukuta mmoja karibu na soko alioagizwa auandike "Usikojoe Hapa". Aliuandika vizuri mno kiasi kwamba watu walisimama kuusoma, na wakishasimama, haja ikawabana. Mwenye ukuta alikufa akimlaumu.

Kanisani kwao, kwa miaka zaidi ya thelathini, hakuna marehemu aliyezikwa bila mkono wa Mzee Brashi kupita kwenye msalaba wake. Familia ilileta msalaba mchana, yeye akauandikia jina na tarehe, asubuhi umekauka. Hakuchukua chochote kwa kazi hiyo. Alisema jina la marehemu ni neno la mwisho mtu kuandikiwa duniani, na haifai lipinde.

Halafu zikaja mashine za kuchapisha. Bango la siku tatu likawa la nusu saa, tena lina picha na rangi zinazong'aa. Waliokuwa wakimwita wakaacha, mmoja baada ya mwingine, bila ugomvi. Mzee hakunung'unika. Alisafisha brashi zake, akazipanga kwenye mkebe, vichwa juu, kama watu waliomaliza kazi na kuketi.

Mkewe alikuwa ametangulia kitambo. Binti yao alikuwa mmoja tu, huyu wa duka la dawa, naye alipanga vyumba viwili ghorofani, mwendo wa dakika kumi kutoka kwa mzee. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu, mtu ambaye nyumbani alijulikana kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Kwa hiyo mtoto wao wa kike alipotimiza miaka mitatu, asubuhi alipelekwa kwa babu, jioni akachukuliwa. Babu alimwita Mwanagenzi, maana kila fundi lazima awe na mwanafunzi wa kazi, na yeye alibaki na huyo mmoja.

Hapo ndipo brashi zilipotoka tena mkebeni.

Ukuta wa ua aliupiga plasta mwenyewe, laini kama sahani, na jua huupiga tangu asubuhi. Mzee alijaza ndoo maji, akachovya brashi, akaandika herufi kubwa. Kwenye saruji yenye joto herufi ya maji hutokea nyeusi tii, halafu huanza kuliwa na jua kutoka pembeni, polepole, mpaka inatoweka. Huo ndio ulikuwa mchezo. Ukiisoma kabla haijakauka, ni yako. Ikikauka hujaisoma, ni ya jua. Kisha zamu ya mtoto kuandika na zamu ya babu kusoma, na mara nyingine babu alijifanya kasahau ili jua lipate. Jioni mama alipokuja kumchukua, mtoto alimtangazia mlangoni: "Mama, leo jua limechukua mbili tu."

"Hii ni m au ni mbuzi?" babu alikuwa akimuuliza. "Mbona ina miguu minne?"

"Ni m inayokimbia."

"Basi ifunge kamba, isitoroke."

Fundi baiskeli alikuwa akichungulia juu ya ukuta na kumtania mzee kwamba mteja akija kuchukua bango lake atakuta jua limelinywa. Mzee akamjibu bila kugeuka: "Wewe unajaza upepo kwenye mipira, unawauzia watu hewa, halafu unanicheka mimi wa maji?"

Binti yake aliyajua hayo yote. Yeye mwenyewe alisoma kwenye ukuta huohuo, kwa ndoo na brashi, kabla hajajua shule ni nini. Ndiyo maana yaliyofuata hayana kisingizio.

Mtoto alipokaribia miaka mitano, baba yake alirudi safarini na zawadi: kishikwambi, kipya, ndani ya boksi, kina masomo ya watoto. Herufi zilicheza na kuimba. Mtoto akigusa iliyo sahihi, nyota zilimwagika kutoka juu na sauti ya mtoto mwenzake ikashangilia, "Hongera!" Akikosea, herufi ilitikisa kichwa kwa huruma na kungoja. Haikuchoka na haikukohoa, wala haikuhitaji kwenda kuosha brashi.

Tusikisingizie. Kilifundisha. Katika mwezi mmoja mtoto alijua herufi zote, rangi, wanyama ambao hata mama yake hakuwahi kuwasikia, na nyimbo za kuhesabu mpaka mia. Mama alikuwa akimsimamisha mbele ya wageni naye akamwaga yote. Wateja wa dukani walihadithiwa. Shule nzuri ilikuwa na usaili kwa wanaoingia darasa la kwanza, watoto wengi, nafasi chache, na mama alianza kulala akiota jina la mwanawe kwenye orodha iliyobandikwa getini.

Kwa babu, mambo yalianza kugeuka kidogokidogo. Siku moja mtoto aliandika b ukutani, nzuri, kisha akasimama akiangalia juu.

"Unangoja nini, Mwanagenzi?"

"Nyota."

Mzee akapiga makofi. Akasema hongera. Mtoto akamwangalia kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Kesho yake mzee alimwomba fundi baiskeli kengele kuukuu, akaipigilia ukutani, na kila herufi iliyosomwa, kriiing. Mzee wa miaka sabini na moja, aliyeandika mji, akawa mpiga kengele. Ikasaidia siku nne. Siku ya tano mtoto akasema kengele ya babu ina mlio mmoja tu.

Fundi baiskeli alisimulia hayo baadaye, kwenye matanga, akidhani anachekesha.

Kilichovunja mambo ni tone la maji. Mama alikuja jioni moja akakuta kishikwambi kimewekwa juu ya kigoda karibu na ndoo, kioo kimerukiwa maji, na mtoto analia, si kwa sababu ya maji bali kwa sababu babu alikuwa amekifunika kwa kitambaa na kusema, sasa zamu ya ukuta. Mama alikifuta kwa khanga yake mara tatu, mara nne. Kilikuwa kizima. Hasira yake haikuona hilo.

Alimweleza baba yake kwamba usaili uko karibu na mtoto anachanganywa. Herufi za shuleni ni zile za kwenye kioo, si hizi zenye mikia na vivuli. Kwamba huu ni wakati mwingine. Mzee alimsikiliza akiwa ameshika brashi, maji yakidondoka kwenye kiatu chake.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikipigi vita hicho kidude. Nakwambia ninachokijua tu. Herufi huingilia mkononi. Ikipitia jichoni peke yake, haikai."

"Mkono wako umeandika mji mzima, baba," akamjibu. "Leo nani anakuita?"

Basi. Ni maneno machache, mtu anaweza kuyasema kabla ya kumeza mate.  Mzee aliitia brashi ndooni, akaizungusha, akaikamua kwa vidole, akaisimamisha mkebeni. Akasema, "Mfunge mtoto viatu, kumeanza baridi."

Kuanzia juma lililofuata mtoto hakuletwa tena. Alibaki ghorofani na mpangaji wa chini, mama mwenye shughuli zake, ambaye aliombwa jambo moja tu: kuhakikisha kishikwambi hakiishi chaji. Mama alimwambia mzee ni kwa sababu ya usaili, ni kwa muda. Mzee akasema sawa. Wakasalimiana Jumapili kanisani, wakapigiana simu katikati ya juma, na kila mara mzee aliuliza, "Mwanagenzi anaendeleaje?" na kila mara aliambiwa, "Vizuri, baba." Mtu asiyewajua angedhani hakuna kitu.

Usaili ukafika. Mwalimu alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani shingoni. Alimwonyesha mtoto kadi, mtoto akazisoma zote. Akamwuliza rangi, hesabu, wanyama, akajibu mpaka mwalimu mwenyewe akacheka. Mama, aliyeruhusiwa kukaa nyuma, alikuwa tayari anamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha mwalimu akaweka karatasi na penseli mezani.

"Sasa niandikie jina lako, mpenzi."

Mtoto alizishika zote mbili akazichunguza. Penseli aliikamata kwa ngumi, akaigusisha ncha kwenye karatasi mara moja, akangoja. Akaigusisha tena, kwa nguvu kidogo. Halafu akaiweka chini, akaipitishia karatasi kidole cha shahada kutoka kulia kwenda kushoto, kama anayefungua ukurasa mwingine. Ukurasa haukuja. Akageuka kumtazama mama yake, uso umeanza kukunjamana, maana hakuwahi kukutana na kitu kisichojibu.

Mwalimu hakumcheka. Alimwita mama pembeni. "Anajua mengi kuliko wenzake," akasema. "Ila mkono wake haujui kitu. Nawapa wiki sita, mrudi. Nyumbani hakuna mtu wa kukaa naye, akamshikisha hata kijiti akachora mchangani?"

Mama akasema, "Yupo."

Alitembea mpaka nyumbani hajui alipita njia gani. Mtoto aliyekuwa akiandika m inayokimbia akiwa na miaka minne, leo wa miaka mitano hajui kushika penseli. Miezi minne tu. Na mama alijua mlango wa kubisha uko wapi, na alijua ndoo iko wapi na brashi ziko wapi. Lililokuwa gumu lilikuwa kwenda kumwambia yule mzee, baba, ulisema kweli, nami nilikutukana. Akajipa siku moja. Siku ikazaa ya pili. Mzee akapiga simu, akauliza habari za Mwanagenzi na za usaili, akajibiwa kwamba umeenda vizuri, wanangoja majibu. Uongo huo aliusema akiwa amesimama jikoni, na aliungama baadaye kwa mchungaji, lakini kuungama hakurudishi simu iliyokwisha kukatwa.

Jumapili, baada ya ibada, alimkuta mzee nje kwenye benchi. Mtoto alikuwa ameshikilia kishikwambi kifuani, sauti imezimwa kwa heshima ya kanisa. Mama akakaza moyo.

"Baba, Jumamosi nitamleta Mwanagenzi. Ashinde kwako."

Mzee hakuuliza kwa nini. Alimwekea mtoto kiganja kichwani, akamwambia binti yake, "Mlete. Jua bado lipo."

Ilikuwa Jumapili. Jumatano ndiyo simu ikaja.

Alipofika uani, watu walikuwa wameshamwingiza mzee ndani na kumfunika. Fundi baiskeli alikuwa amekaa chini, mikono ina grisi, anatazama ndoo. Alimweleza kila kitu kwa mpangilio, kama anayetoa ushahidi. Tangu Jumatatu mzee alikuwa ukutani kila asubuhi. Alisema mkono umeanza kutetemeka na hataki Mwanagenzi aje amcheke, kwa hiyo anajinoa. Aliandika, akangoja ikauke, akaandika tena. Alikuwa amekata brashi moja nzuri, akapunguza mpini kwa msumeno na kuulainisha kwa msasa, utoshe kwenye mkono wa mtoto. Asubuhi hiyo fundi alimsalimia juu ya ukuta, akaitikiwa vizuri tu. Baadaye akasikia kigoda kimeanguka. Aliporuka ukuta, mzee alikuwa ameegemea saruji, brashi imelala kwenye mapaja, amekwisha kwenda.

"Alikuwa anaandika nini?" binti akauliza.

Fundi akatikisa kichwa. "Sikusoma, dada. Nilikuwa nahangaika naye. Nilipokuja kuinua macho, pameshakauka."

Binti alikwenda akasimama mbele ya ukuta. Ulikuwa mtupu, mkavu, wa moto. Akaupapasa kwa kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanawake wa kanisani wakamshika, wakamwambia Mungu ana makusudi yake. Alikubali. Mungu hakuwa na kosa katika jambo hili. Kosa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama pale na vumbi la saruji mkononi.

Likabaki suala la msalaba. Seremala aliuleta Alhamisi asubuhi, mbao nzuri, umepakwa nyeupe. Mchungaji akauliza nani atauandika, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na kitu hakuna aliyekuwa na jibu. Binti alijaribu mwenyewe. Alichukua mkebe, akachagua brashi, akapiga mstari wa chaki kwa uzi kama alivyoona utotoni, akaandika herufi ya kwanza ya jina la baba yake. Ikapinda. Akaifuta kwa mafuta ya taa, akaandika tena, ikapinda upande mwingine. Mkono wake nao, kwa miaka yote hiyo ya kubonyeza vitufe dukani, ulikuwa umesahau. Jioni aliufunga msalaba kwa shuka, akaupeleka kwenye duka la kuchapisha. Kijana wa pale, mstaarabu, alimwuliza anataka mwandiko wa aina gani, akamfungulia orodha ya aina mia mbili. Akaonyesha mmoja bila kuangalia. Ikatoka stika, ikabandikwa. Ilichukua dakika saba.

Ibada ya mazishi ilikuwa Ijumaa saa nane mchana. Kanisa lilijaa. Mchungaji alihubiri kwa ufupi, akasema kwamba majina mengi yaliyoko makaburini yatasomeka kwa muda mrefu kwa sababu ya marehemu huyu. Baada ya hapo jeneza lilifunguliwa, watu wakapita kumuaga.

Binti yake alipita wa mwisho, mtoto mkononi. Alikuwa amekiacha kishikwambi nyumbani, ndani ya kabati, na mtoto alikuwa amekililia asubuhi nzima kuliko alivyomlilia babu. Akamwinamisha juu ya jeneza ili aone. Mtoto alimtazama babu yake kwa makini. Kisha akanyoosha kidole cha shahada, akamgonga kwenye paji la uso mara mbili, taratibu, kama anavyokigonga kioo kilichozimika. Akangoja. Akagonga tena mara mbili.

Watu waliokuwa nyuma walidhani ni kwaheri ya kitoto, wakalia. Mama yake peke yake ndiye aliyejua alichokuwa akikifanya. Hakumkataza. Alingoja naye mpaka mtoto mwenyewe akarudisha mkono, halafu akambeba wakatoka.

Makaburini walifika saa tisa na nusu. Jeneza lilishushwa kwa kamba, wanaume wanne, fundi baiskeli akiwa mmoja wao. Kwaya iliimba. Familia ilitupa udongo kwanza. Mtoto alitupa kiganja kimoja akapangusa mkono kwenye gauni. Kaburi lilipojazwa, msalaba ukasimikwa. Jua lilikuwa kali na ncha moja ya stika ilikuwa imeanza kunyanyuka, upande wa tarehe ya kuzaliwa. Binti aliinama akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikashika, kisha ikanyanyuka tena. Mchungaji akaomba sala ya mwisho, wote wakaitikia amina. Watu wakaondoka kidogokidogo kwa makundi. Yeye alimshika mtoto mkono, wakafuata njia ya getini, wakarudi nyumbani.